Muulize Fundi: Chesisi ya Land Rover ya marehemu baba imeoza mbele

*Fundi shikamoo, na mbukwa. Ni msomaji wako wa Mpwapwa. Marehemu baba ametuachia Land Rover 109, pikapu, Series III ya mwaka 1976, injini ya dizeli. Aliinunua Tanga alipokuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akaja nayo nyumbani alipostaafu. Ndiyo inayotubebea mahindi na karanga kwenda Kibaigwa, na madumu ya maji kiangazi. Baada ya mvua za mwaka huu nikikanyaga breki inavuta kushoto, na mbele kuna kitu kinagonga. Fundi wa hapa alichokonoa chesisi kwa bisibisi pale springi ya mbele kushoto inapofungwa, bisibisi ikazama mpaka mpini. Kulia kuna nafuu, ila nako magamba yanadondoka. Fundi huyo anataka kuweka kiraka juu. Mwingine ana pua nzima ya Hilux, anasema akate yetu aunge hiyo, tutapata gari laini kama teksi. Kaka yangu anasema liuzwe chuma chakavu. Mimi roho haitaki. Tufanye nini? Na tukikata, kadi ya gari itakuwaje?*

Marahaba mwanangu, mbukwa. Poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimelala chini ya Land Rover ya mteja hapa Kizota, naangalia palepale unapopasema, nisije nikakujibu kwa kumbukumbu tu.

Gari linapona. Msiliuze, msiweke kiraka juu ya kutu, na mwenye pua ya Hilux mwambieni atafute mteja mwingine. Kinachotakiwa ni kukata kilichooza na kuweka kipande kipya chenye umbo lilelile, upande mmoja kwanza, ukiisha ndipo uende wa pili.

Chesisi ya hizi Land Rover za zamani watu huidhania ni chuma kinene. Sivyo. Ni mabamba manne ya chuma cha kama milimita 2, yamechomelewa kwenye kona zake nne yakawa boksi refu. Nguvu yote imo kwenye lile boksi kuwa zima pande nne. Bodi ni aluminiamu, haioti kutu nyekundu, kwa hiyo gari linaweza kung'aa juu huku chini limekwisha. Na boksi huoza kutokea ndani. Tope huingia kwenye matundu, likatulia kule mbele ambako chesisi inajikunja kushika springi (mimi naziita pembe), likakauka, likalowana tena msimu unaofuata. La kwenu lilianza na chumvi ya Tanga, makorongo ya Gulwe yakamalizia. Hali ya hewa kavu ya huku Dodoma imelisaidia sana, vinginevyo mngekuwa mmeshalizika.

Kabla hamjaongea na fundi yeyote, chukueni nyundo ndogo, ile ya gramu mia tatu inatosha. Lala chini, anza kugonga kuanzia nyuma ya kiti cha dereva ukija mbele, kila baada ya vidole vinne. Sikiliza. Chuma kizima kinajibu kwa sauti kali, "ting", na nyundo inaruka mkononi. Ukifika kwenye kutu sauti inazama, inakuwa kama unagonga dumu lililojaa mchanga, na vumbi la rangi ya ugoro linakumwagikia usoni. Funga macho wakati unagonga, na hilo nasema kwa sababu mbili: unalinda macho, na unasikia vizuri zaidi. Palipobadilika sauti weka alama ya chaki. Kisha rudi nyuma mpaka penye mlio safi, ongeza upana wa kiganja. Hapo ndipo pa kukata. Kwenye gari nyingi za aina hii alama inaangukia mbele kidogo ya vishikizo vya injini, na ikiwa hivyo injini haina haja ya kutoka. Alama ikivuka ikaenda nyuma ya injini, kazi ni nyingine, mniandikie upya.

Sasa huyo wa kiraka. Simlaumu, ni desturi ya gereji nyingi kwa sababu inaisha mchana mmoja. Lakini kiraka huchomelewa kwenye kingo zake, na kingo zenyewe zinakaa kwenye chuma kilichobaki unene wa karatasi. Springi ya mbele inashikwa na chesisi tu, hakuna kingine. Siku pembe ikiachia mkiwa mnashuka mlima na tani ya mahindi, ekseli inarudi nyuma upande mmoja na stelingi haifuati mikono yako tena. Ule mvuto wa kushoto unaousikia ukikanyaga breki ndio mwanzo wake: ekseli inasogea kidogo upande uliooza. Mwanangu, gari lisiende Kibaigwa tena mpaka kazi iishe. Kodini hata Fuso ya jirani.

Na Hilux. Ni gari zuri, sina ugomvi nalo, ila pua yake haikutengenezwa kwa ajili ya Land Rover. Matairi ya Land Rover yenu yanafungwa kwa nati tano, ya Hilux yenye fowili (inayovuta kwa magurudumu yote manne) kwa nati sita, kwa hiyo mtatembea na spea mbili za aina tofauti. Difu zenu za mbele na nyuma (gia za katikati ya ekseli) zina uwiano wa 4.7, mkifunga difu ya mbele yenye uwiano mwingine, siku mtakapoweka fowili kwenye tope magurudumu ya mbele na ya nyuma yatashindana mpaka kitu kivunjike. Na mkifunga pua ya Hilux ndogo isiyo na fowili, mmelifanya gari la shamba kuwa gari la lami. Stelingi itabidi ibuniwe, mabomba ya breki yabuniwe. Kila kilichobuniwa gereji hakina spea dukani. Wenzetu Marekani wanabadilisha sana pua za pikapu za zamani, wanaondoa ekseli ya kipande kimoja wanaweka mguu wa gari dogo ili lilainike, na wanaofanya vizuri wananunua kipande kilichopigiwa hesabu kwa pikapu hiyohiyo. Wanaliendesha Jumapili kwenye lami. La kwenu linabeba karanga.

Kuhusu kadi, hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko kote. Kwenye Land Rover za Series III namba ya chesisi imepigwa kwenye chesisi yenyewe, mbele upande wa kulia, palepale springi inaposhikwa. Yaani ile pembe ambayo fundi anataka kuikata ndiyo inayobeba jina la gari. Nimeona mtu anakata asubuhi, mchana vijana wa chuma chakavu wanapita na mkokoteni, jioni gari halina namba. Akaletewa pembe kutoka gari lililokufa, nayo ina namba yake, ya gari la mtu mwingine. Miaka miwili mbele anataka kuuza, mkaguzi anainama na tochi, namba ya chini haifanani na ya kadi. Mwenye gari ameonekana mwizi wa gari lake mwenyewe.

Kwa hiyo: sugueni pale kwa brashi ya waya taratibu (grenda hapana, inakula tarakimu), pigeni picha namba ikisomeka, mlinganishe na kadi. Nendeni TRA na kwa mkaguzi wa magari wa polisi kabla ya kukata, mweleze mnachotaka kufanya, mpate maandishi. Na kwa kuwa baba ametangulia, jambo la kuhamisha umiliki mlianze safari hiyohiyo. Upande wenu wa kulia una nafuu, na hiyo ni bahati: inawezekana fundi akabadilisha mabamba ya chini na ya ndani akaliacha lenye namba pale lilipo. Mimi ningehangaika siku mbili zaidi ili tu lile bamba libaki. Lisipowezekana, kipande kilichokatwa kihifadhiwe ndani, kwenye kitambaa chenye mafuta. Na asitokee kijana wa kuwapigia namba upya kwa patasi bila kibali.

Kipande kipya mtakipata wapi? Uingereza bado wanatengeneza pembe hizi na hata chesisi nzima iliyozamishwa kwenye zinki. Ukiwa na ndugu wa kukuletea, vizuri. Kama hakuna, bamba la milimita 3 likunjwe kwenye mashine ya kukunja mabamba, kwa kufuata pembe ya kulia iliyo nzima kiasi. Milimita 3 inatosha. Msishawishike na 6, kwa sababu chuma kinene kikiungwa na chembamba, chembamba ndicho kitapasuka pembeni ya muungano.

Sasa vipimo. Nitakaa hapa kidogo.

Mwaka 1988, nikiwa kijana mwenye haraka, nililetewa 109 kama yenu. Nilikata pembe zote mbili pamoja na krosimemba ya mbele (chuma kinachokingama kuunganisha pande mbili za chesisi) kwa mkupuo mmoja, nikaona mbele kumekaa wazi, pazuri kufanyia kazi. Nilikuwa nimepima kwa futi nikaandika kwenye ubao wa mlango. Nilipochomelea vipande vipya nilivipanga kwa macho na kwa ile futi. Gari likatoka, linang'aa. Wiki tatu baadaye mwenye gari akarudi kutoka Singida, hakusema neno, akaniteremshia tairi moja la mbele. Upande wa ndani lilikuwa limelika mpaka nyuzi zinaonekana, upande wa nje bado lina maua ya kiwandani. Nilipima magurudumu ya kushoto na kulia: upande mmoja ulikuwa mfupi kwa milimita 14. Gari lilikuwa linatembea kiubavu barabara nzima. Nilikata tena kwa gharama yangu, na lile tairi nikalilipa. Mwalimu wangu wa gereji aliniambia jambo moja tu, kwamba nilimuua shahidi. Upande wa kulia ulikuwa unajua kila kitu kuhusu upande wa kushoto, na mimi nikaukata kabla sijauuliza.

Basi fundi wenu afanye hivi. Gari likae kwenye sakafu ya saruji, chesisi iinuliwe kwenye stendi nne chini ya sehemu nzima, mbili usawa wa miguu ya dereva, mbili nyuma. Jeki peke yake haitoshi, na mawe kabisa hapana. Pimamaji iwekwe juu ya chesisi kwa upana na kwa urefu mpaka kipovu kitulie katikati. Kisha mkaazime timazi (uzi wenye kizito chenye ncha) kwa fundi mwashi. Literemshwe kutoka katikati ya kila tundu la bolti ya springi, mbele na nyuma, kushoto na kulia, na penye ncha ya timazi sakafuni pagongwe alama. Mtapata ramani ya chesisi nzima chini. Vuteni uzi kutoka alama ya mbele kushoto kwenda nyuma kulia, halafu mbele kulia kwenda nyuma kushoto. Nyuzi mbili za msalaba zilingane urefu. Kama pembe ya kushoto imeshasogea hazitalingana, na hapo ule upande wa kulia ndio unaoaminiwa. Vipimo viandikwe ukutani kwa rangi, vikae hapo mpaka gari linatoka.

Boneti, bampa, madigadi na sho ya mbele pamoja na rejeta vyote vinafunguliwa kwa bolti. Hilo ni jambo jema la gari hili, mbele nzima inainuka na watu wawili. Tangi la mafuta liko chini ya kiti cha dereva. Litolewe kabisa, lipelekwe nje ya uzio. Betri ifunguliwe na waya za oltaneta zichomolewe.

Kuna kitu kimoja kitawasumbua. Ndani ya krosimemba ya mbele kuna silinda ya stelingi imesimama wima, na baada ya miaka karibu hamsini huwa imeganda na chuma kama imezaliwa nacho. Imiminieni mafuta ya kulegeza kutu siku tatu mfululizo kabla ya kuanza. Isipigwe moto wa gesi, na isifunguliwe ikiwa mezani na mtu asiyeijua: ndani kuna springi imebanwa kwa nguvu kubwa, ikiachia inaruka. Kijana mwenzangu alipoteza meno mawili kwa springi hiyo. Itoke nzima, iwekwe pembeni, irudi nzima.

Kabla ya grenda kugusa upande wa kushoto, englaini (chuma chenye umbo la L) ya milimita 50 ichomelewe kuunganisha pembe ya kulia na sehemu nzima ya kushoto, ili chesisi isipumue. Mkato usiwe wa wima. Mstari wa wima ni kama karatasi iliyokunjwa, utapasuka hapohapo. Ukatwe kwa mshazari, na ndani ya boksi ipite soli ya bamba, nusu upande wa zamani, nusu upande mpya, ichomelewe kupitia matundu kabla ya kufunga mshono wa nje. Kiraka cha juu ya mshono kikihitajika kiwe na umbo la almasi, ncha zielekee mbele na nyuma.

Kipande kipya kikishasimama, chukueni fimbo ya chuma iliyonyooka, mmoja wenu aishike upande wa kulia, ipite kwenye tundu la bolti la pembe ya zamani mpaka itokee kwenye tundu la pembe mpya. Ikiingia bila kulazimishwa na timazi likaangukia alama, piga nukta nne tu za weldingi. Pima tena. Fungeni springi na ekseli kwa majaribio, pima tena. Ndipo mchomelee, sentimita tatu hapa, tatu upande wa pili, mkipumzika chuma kipoe chenyewe. Maji hapana. Kwa bamba jembamba hivi vijiti vya milimita 2.5 vinatosha, na mwenye mashine ya migi afadhali zaidi. Upande wa kushoto ukiisha wote, ndipo mhamie kulia, na sasa wa kushoto ndio shahidi.

Gari likishuka chini, magurudumu yakiwa yamenyooka, pima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi ya nyuma, pande zote mbili. Jina lenyewe la gari ndilo kipimo: inchi 109, yaani milimita 2,769. Tofauti ya milimita 3 kati ya kushoto na kulia naikubali. Ikiwa 10, rudini ukutani mkasome vipimo. Kisha tairodi (fimbo za stelingi zinazoelekeza magurudumu) zirekebishwe, mbele ya matairi kuwe kumebana kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Mwisho mimina rangi ya kuzuia kutu ndani ya boksi, na matundu ya kutolea maji chini yaachwe wazi. Fundi akiyaziba kwa weldingi kwa kupenda usafi, mtaniandikia barua hii tena.

*Fundi, nipo Kondoa. Nimebadilisha springi za mbele za Land Rover yangu, mpya kabisa, sasa gari limelala upande wa dereva. Fundi anasema chesisi imepinda, tuipeleke ikanyooshwe. Kweli?*

Ndugu yangu, usikubali chesisi iguswe bado. Springi za mbele za gari hilo si pacha. Ya upande wa dereva imepinda zaidi, kwa kuwa upande huo unabeba dereva na tangi la mafuta. Nina hakika kubwa zimefungwa kinyume, au umeuziwa mbili za upande wa abiria. Zitoe, ziweke zote mbili sakafuni zikiwa zimesimama kwa ncha zake kama upinde, uangalie ipi imeinuka zaidi katikati. Hiyo iende kwa dereva. Zikilingana, rudi dukani na risiti yako. Gari likiendelea kulala baada ya hapo, timazi na nyuzi za msalaba kama nilivyomweleza dada wa Mpwapwa, ndipo tuongee habari ya kunyoosha.

*Shikamoo fundi. Manyoni hapa. Bushi za springi kwenye gari langu hazimalizi mwezi mmoja, mpira unachanika. Nimenunua za bei ndogo na za bei kubwa, ni yaleyale.*

Marahaba. Muulize anayekufungia anakaza bolti wakati gani. Kama anakaza gari likiwa juu ya stendi, springi zinaning'inia na mpira wa bushi unakamatwa ukiwa katika mkao huo. Gari likishuka, springi inanyooka na mpira unasokotwa kabla hujatoka hata getini. Bolti zipitishwe kwa mkono tu, gari lishushwe kwenye matairi yake, lisukumwe mbele na nyuma mara mbili tatu, watu wawili wakae juu ya bampa wainuke, kisha zikazwe. Baada ya kilomita mia tano azikague tena, pamoja na nati za yu-bolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli).